Harusi Isiyokuwemo Kitabuni

Dominika alikuwa amekwisha kumsamehe Eliufoo mambo mengi. Alimsamehe kuchelewa. Alimsamehe simu isiyopatikana siku sita nzima kila alipopanda mlima na wageni. Alimsamehe hata kuzaliwa Machame katika ukoo wa Walutheri, wakati mama yake Dominika, Veronika, alikuwa amesali rozari miaka na miaka apate mkwe Mkatoliki wa palepale kwao Kilema. Lakini Jumamosi ile, mbele ya bakuli la mtori wa ndizi, Eliufoo alifungua kinywa chake akasema jambo lililomfanya Dominika aweke kijiko chini taratibu sana, maana kama angekiweka kwa nguvu alizokuwa nazo wakati ule, bakuli lingepasuka.

"Mwisho wa kitabu chako ndio umenimaliza kabisa," alisema Eliufoo, kisha akamgeukia mama mkwe wake mtarajiwa. "Mama, binti yako anajua kuandika. Ile harusi ya Anjela na Kristofa! Nilitokwa machozi, nakwambia kweli."

Hapakuwa na harusi.

Katika kurasa mia mbili na kumi na nne alizoziandika Dominika kwa miaka minne, hapakuwa na harusi hata ya jirani. Anjela na Kristofa walichumbiana, wakapendana, wakagombana, na ukurasa wa mwisho Anjela alipanda basi la Tanga peke yake, akaondoka. Sasa hiyo harusi iliyomtoa mtu machozi ilifungwa wapi?

"Ehe," alisema Dominika kwa sauti laini ambayo mtu mwenye akili angeiogopa. "Ulipenda nini hasa kwenye hiyo harusi?"

"Kila kitu. Kwaya, keki, wazee kucheza..."

"Walifungia kanisa gani?" aliuliza Mama Veronika, ambaye hakusoma kitabu kwa sababu ya macho yake, lakini kwa mambo ya kanisa masikio yake yalikuwa mazima.

Eliufoo alimtazama mama, akatazama picha ya Bikira Maria ukutani, akajibu, "Katoliki, mama."

"Aika, asante, mwanangu!" Mama alifurahi, akamwongezea mtori.

Dominika alisimama. "Eliufoo, njoo nje unisaidie kumwangalia ng'ombe."

Ng'ombe hakuwa na shida yoyote. Alikuwa amelala zizini anacheua majani ya migomba, na wala hakustahili kushuhudia yaliyofuata.

"Umeishia ukurasa wa ngapi?"

"Wa ngapi vipi? Nimekwambia nime..."

"Eliufoo Swai, nakuuliza kwa mara ya mwisho. Ukurasa wa ngapi?"

Alikuwa mwanamume mrefu mwenye mabega ya mtu aliyebeba mizigo ya wageni kabla ya kuwa mwongozaji wao, na macho ambayo mwaka mzima Dominika hakuchoka kuyatazama. Macho hayo sasa yalitafuta pa kwenda. Yalimtazama ng'ombe, yakatazama migomba, mwishowe yakarudi.

"Sitini na moja," alisema.

"Sitini na moja!"

"Nilichoka, mpenzi. Kazi nyingi. Halafu nilipofika hapo nikaona nimeshaelewa inakoelekea. Wanapendana, wanachumbiana, sasa kilichobaki si harusi tu?"

Hapo ndipo hasira ilipompanda Dominika mpaka utosini. Tumpe haki yake. Mwanamke huyu alifanya kazi kwenye steshenari moja mjini Moshi, akichapa maandishi ya watu kutwa: barua za kuomba kazi, kadi za harusi, wosia, risala za wahitimu. Alichapa maneno ya watu hata yale ya kijinga, mpaka nukta ya mwisho, kwa sababu ndiyo kazi. Maneno yake mwenyewe aliyachapa katikati, mteja akienda kuchukua chenji, umeme ukirudi, wakati wa chakula cha mchana. Nakala ya kwanza alipoitoa, akaitia jalada la bluu, hakumpa mwalimu wala padri. Alimpa Eliufoo. Na kwa miezi miwili, kila alipomuuliza, alijibiwa, "Kitamu hicho, niko nacho."

"Mzungu ametoka huko kwao hajui hata kupanda ngazi," alisema Dominika. "Unambembeleza siku sita. Pole pole, kaka, pole pole, dada, bado kidogo. Anatapika, unamshika mkono. Analia, unamfuta. Anataka kurudi, unamwambia kilele kile pale. Mpaka unamfikisha! Mimi kurasa mia mbili zimekushinda. Mimi umenigeuza hata lango la Machame hatujalipita!"

"Dominika, hiki ni kitabu tu..."

"Si kitabu tu! Nilitaka ukisome kwa sababu kuna jambo ambalo..."

"Najua, najua," alidakia Eliufoo, akimpigapiga begani kama kawaida yake. "Mambo ya kanisa. Tumeshayamaliza, mama amekubali, Jumamosi ijayo wazee wanakuja na pombe ya mbege, shida iko wapi?"

Hayakuwa mambo ya kanisa. Jambo lenyewe lilikuwa hili: huko Machame, juu kidogo ya soko la Kwa Sadala, palikuwa na chumba kilichokwisha kupakwa rangi katika nyumba ya mama yake Eliufoo. Ukoo mzima ulijua kwamba Dominika akishaolewa ataacha kazi mjini, atahamia chumba hicho, atakata majani ya ng'ombe na kupalilia kahawa, huku mume wake akiwa mlimani nusu ya kila mwezi. Kila mtu alijua hilo; ambalo hakuna aliyelijua ni kwamba Dominika hakulitaka. Mara tatu alikuwa ameanza kumwambia. Mara tatu Eliufoo aliimalizia sentensi yake kwa namna yake, akambusu kwenye paji la uso, akaendelea na safari.

"Ondoa mkono," alisema Dominika. "Na waambie wazee wako wasije."

Eliufoo alicheka kidogo, akidhani ni utani. Alipoona si utani, uso wake ulibadilika. "Utavunja uchumba kwa ajili ya kurasa?"

"Nenda kwenu."

Alikwenda. Dominika alibaki zizini akilia, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba hata alipokuwa akimfukuza, alitamani ageuke.

Kesho yake, Jumapili, baada ya ibada, mbwa walibweka, na Mzee Ebenezeri, baba mkubwa wa Eliufoo, akaingia uani amevaa koti lake la kanisani. Mkononi alishika jani refu la kijani, limefungwa fundo katikati.

Mama Veronika alipoliona alishika kifua. "Ruwa wangu, Mungu wangu! Isale?"

Mgeni wa nchi hii angeona jani tu, lile la mmea unaoota kwenye mipaka ya vihamba, mashamba ya migomba ya nyumbani. Lakini Mchaga akiletewa isale anajua limebeba nini. Watu waliomwagiana damu wamepatanishwa nalo. Ndugu walioshtakiana mashamba wamekaa chini kwa sababu yake. Likishawekwa mbele yako, unasamehe. Hakuna mjadala wala rufaa.

"Shikamoo, baba," alisema Dominika.

"Marahaba, binti yangu. Kijana amekiri amekukosea. Hakuniambia kosa, ameniambia tu ni kubwa, na kesho asubuhi anapanda mlima. Amenituma na hili. Lipokee, yaishe."

Mama alishaanza kunyoosha mkono. Dominika aliudaka.

"Silipokei."

Hata kuku waliona afadhali wasogee.

"Binti," alisema mzee polepole, "mimi nina miaka sabini na minne. Sijawahi kuona isale likikataliwa."

"Baba, nakuheshimu, na hilo jani naliheshimu kuliko huyo aliyekutuma. Isale ni la mtu aliyekosa akalijua kosa lake. Eliufoo halijui. Ameruka tena! Alifika ukurasa wa sitini na moja, akarukia harusi. Jana nimekasirika, leo amerukia msamaha. Katikati hapa hapendi kupita!"

Mzee Ebenezeri alimgeukia mama. "Ukurasa gani anaosema?"

"Ni kitabu, mzee," alisema Mama Veronika, akiona aibu mpaka shingoni. "Dominika, wewe una wazimu? Nilipomkataa kijana wa watu kwa sababu ya kanisa, ulinililia mwezi mzima. Hukula. Nikaenda mpaka kwa paroko kwa ajili yako. Leo unamkataa kwa sababu ya kitabu?"

"Ndiyo, mama."

"Kitabu ambacho hata harusi yake ni ya Katoliki!"

"Hakuna harusi, mama! Alikudanganya!"

Mama alikaa kwenye benchi, akaanza kuukunja mtandio wake, na polepole uso wake nao ukaanza kukunjamana. "Alinidanganya kuhusu kanisa?" aliuliza. "Mezani kwangu? Mtori wangu mdomoni?"

Dominika aliuliza kitabu cha jalada la bluu kiko wapi, na ikawa kimo kwenye gari la mzee, chini ya kiti. Eliufoo alikitupia humo wiki tatu zilizopita akakisahau. Dominika alikifuta vumbi kwa upande wa kitenge chake, akampa mzee kwa mikono miwili.

"Mpelekee, baba. Mwambie akimaliza ndipo aombe msamaha, kama atakuwa bado anautaka. Na Jumamosi msije."

Mzee aliondoka na jani lake mkono mmoja na kitabu mkono wa pili, akitikisa kichwa mpaka alipofika barabarani.

Walikuja. Wazee ni wazee. Mbege ilishaiva, na mbege haimsubiri mtu aamue moyo wake. Jumamosi saa nane walishuka kwenye Noah mbili, wakapanga madumu matatu chini ya migomba, wakakaa upande wao wa ua huku ndugu zake Dominika wakikaa upande wao, na kila mtu akazungumzia bei ya kahawa kwa bidii, kwani hakuna aliyetaka kuuliza bibi harusi yuko wapi.

Bibi harusi alikuwa jikoni, kwenye kibanda cha nyuma, kwenye kigoda, amevaa gauni la nyumbani. Mama alikuwa ameingia mara nne kumsihi. Mara ya nne hakusihi tena. Alimwangalia tu, akasema, "Nikikutetea mbele ya watu wale, nitawaambia nini, mwanangu?" Siku sita Dominika alikuwa amekaa na hasira yake akiilinda, na sasa ilipohitajika alikuta imechanganyika na hofu. Je, kama alikuwa amemtupa mtu mzuri kwa ajili ya karatasi? Je, kama yule mtu yuko huko mlimani amekwisha kushukuru Mungu kwamba ameepukana naye?

Pikipiki ikanguruma njiani. Watu wakainuka. Dominika alisikia sauti aliyoijua ikisema "Shikamooni wazee, shikamoo mama, samahanini" bila kusimama kungoja marahaba, kisha nyayo zikapita katikati ya ua, zikapita wageni, zikapita benchi la baba wadogo, zikaja moja kwa moja mpaka mlango wa jiko. Mtu wa upande wa bwana harusi kuingia jikoni kwa wakwe, siku kama hiyo, na buti bado zina matope ya mlimani, ya njia ya kushukia Mweka! Nje mwanamke mmoja aliguna kwa sauti.

Eliufoo alisimama mlangoni. Pua ilikuwa imebabuka kwa jua la juu, midomo imepasuka kwa baridi. Mkononi alishika kitabu cha jalada la bluu, kimevimba kwa unyevu, na alikuwa amekasirika kupita kiasi.

"Huu ni uonevu!" alisema.

Dominika alipigwa na butwaa. "Nini?"

"Huu! Ukurasa wa mia mbili na kumi na nne!" Alikipiga kitabu kwa kiganja. "Kristofa ni mjinga, sikatai. Nilipofika naye kambi ya Baranko nilitamani kumzaba kofi. Lakini kwenye mia mbili na tano alishaanza kujirekebisha! Alikaa kimya pale kwenye ngazi, Anjela akasema maneno matano mazima! Maneno matano, Dominika! Kwa mtu kama yule hilo ni jambo kubwa! Halafu wewe unafanya nini? Unampandisha basi. La Tanga! Hata nyuma hakutazama!"

"Usinipigie kelele kwenye jiko la mama yangu!"

"Napiga kelele kwa sababu nimeudhika! Nilirudia kurasa za mwisho mara mbili nikidhani nimeruka moja. Mpishi wetu aliniuliza kama nimepata habari ya msiba!"

"Basi andika cha kwako, umwoze!"

"Siwezi kuandika! Mwandishi ni wewe, na umemfanyia mtu ubaya!"

Walitazamana, wote wawili wakihema. Dominika alihisi kitu kikimcheza kifuani, akakikemea kitulie. Mwanamume huyu alikuwa amemkasirikia kwa ajili ya ukurasa wa mia mbili na kumi na nne. Hakuna mtu duniani aliyewahi kumkasirikia kwa ajili ya ukurasa huo. Wengine waliousoma walisema tu kizuri, hongera.

Eliufoo alijikunja, akakaa kwenye gunia la mkaa, buti zake zikigusa mafiga. Sauti yake ilishuka.

"Kristofa ni mimi."

"Ulijua lini?"

"Ukurasa wa themanini. Anapomalizia maneno ya mwenzake huku anampigapiga begani." Alitazama buti zake. "Niko hivyo kweli?"

"Uko zaidi. Kristofa nilimpunguza."

Alifumba macho kidogo, akalipokea. Kisha akafungua kitabu, si mwisho, bali mahali alipokuwa amekunja kona.

"Kuna kitu kimenikera kuliko lile basi. Hapa, mia na tisini. Anjela anasema, 'Kristofa, kabla wazee hawajaja, kuna jambo.' Kristofa anadakia, anasema yake. Na Anjela halisemi tena. Nimetafuta mbele, nimerudi nyuma, nimetafuta mpaka tumefika langoni Mweka. Hukuliandika popote. Alitaka kusema nini?"

"Hujui?"

"Sijui."

"Si huwa unajua? Si huwa unaona inakoelekea?"

"Dominika, sijui," alisema, na macho yale sasa hayakutafuta pa kwenda. "Niambie wewe."

Basi akamwambia. Alianza vibaya, kwa kuwa alikuwa amezoea kukatizwa na aliyasukuma maneno haraka haraka kabla mlango haujafungwa. Alimwambia kuhusu chumba kilichopakwa rangi. Alimwambia hatahamia. Alimwambia anampenda mama yake Eliufoo, anamheshimu, atakwenda kumkatia majani siku za mapumziko na kumpeleka hospitali akiugua, lakini hatakaa kwenye nyumba ile kumngoja mwanamume ashuke mlimani, wiki hadi wiki, huku mashine yake ya kuchapa ikichapwa na mtu mwingine. Wakati mmoja Eliufoo alifungua mdomo. Dominika aliuona ukifunguka, akasimama, akangoja. Mdomo ukafungwa. Hapo ndipo aliposema hata yale ambayo hakuwahi kuyapanga: kwamba anataka wapange vyumba viwili mjini. Kwamba anaandika kitabu kingine. Kwamba siku sita hizi alikuwa akiangalia mlima kila asubuhi kuona kama umefunikwa na mawingu, akimwogopea, na kwamba jambo hilo lilimkasirisha vibaya sana.

Alinyamaza. Eliufoo alikuwa ameinamisha kichwa, viwiko magotini, anamsikiliza. Kimya kikaendelea mpaka Dominika akaanza kuingiwa na woga.

"Mbona husemi kitu?"

"Nangoja," alisema Eliufoo. "Sikujua kama umemaliza."

Dominika alijichunguza, akakuta kwamba kweli, bado.

Nje, Mzee Ebenezeri alikohoa kile kikohozi cha wazee chenye maana. "Eliufoo! Watu wazima wamekaa hapa, mwanangu. Mbege inachacha. Mtoke basi, tujue moja!"

Eliufoo Swai, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kumjibu mzee isipokuwa kwa ndiyo baba, alisimama mlangoni mwa jiko na buti zake za matope, akapaza sauti ili ua mzima umsikie, wakwe, wazee wa Machame na jirani aliyekuwa akichungulia.

"Baba mkubwa, nisamehe sana. Itabidi mngoje. Bado anaongea!"

Akaingia ndani, akakaa tena kwenye gunia la mkaa.